Biolojia ya Wanyamapori kwa Kijana wa Lindi na Mtwara: Namna ya Kuingia Kazini na Namna ya Kuhesabu Mshahara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka hunijia vijana kutoka Nachingwea, Liwale, Masasi na Nanyumbu, wengine wakiongozana na wazazi wao, na swali lao la kwanza huwa hilo hilo: hii biolojia ya wanyamapori inalipa shilingi ngapi? Ni swali la haki kabisa, kwa kuwa ada ya chuo huku kwetu mara nyingi hutoka kwenye korosho, na mzazi aliyesubiri mnada hadi akalipwa anastahili kujua fedha yake inakwenda kununua nini. Shida ni kwamba swali hilo halina jibu moja. Wenye mishahara ni waajiri, na waajiri wa taaluma hii wanatofautiana sana kwa kiwango wanacholipa, kwa muda wanaokuweka kazini na kwa makato wanayokukata. Kwa hiyo nitaeleza kwanza nani anaajiri upande huu wa kusini, kisha mshahara unavyosomwa, na mwisho hatua za kuchukua ukiwa bado hujaajiriwa, ambazo ndizo ninazoona zinapuuzwa kuliko zote.

Kabla ya hapo, tahadhari moja. Ukitafuta mshahara wa kazi hii kwenye intaneti, takwimu za mwanzo utakazokutana nazo ni za Marekani. Ofisi ya takwimu za kazi ya nchi hiyo ilionyesha kuwa Mei 2023 mshahara wa katikati wa wataalamu wa zoolojia na biolojia ya wanyamapori ulikuwa dola 70,600 kwa mwaka, maana yake nusu yao walilipwa zaidi ya hapo na nusu walilipwa pungufu. Takwimu hiyo ni ya huko, kwa gharama za maisha za huko na kodi za huko, na kijana anayeizidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo kisha akaiweka mbele ya mama yake anamdanganya mama na kujidanganya mwenyewe. Jambo pekee la kulibeba kutoka huko ni mpangilio wa elimu: shahada ya kwanza inatosha kuanzia kazi, ya uzamili inakupandisha, na anayetaka kuongoza utafiti wake mwenyewe huhitaji uzamivu. Mpangilio huo ndio uliopo hata hapa Tanzania.

Waajiri wa upande wa kusini

Watu wengi wakisikia wanyamapori huwaza Serengeti na Ngorongoro, na vijana wetu nao hudhani kwamba kazi zote ziko Arusha. Tazama ramani ya kwetu. Wilaya ya Liwale imo ndani ya mfumo wa ikolojia wa Selous, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous ilipandishwa hadhi ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Nanyumbu ina Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule kandokando ya mto Ruvuma, na Masasi ina Msanjesi. Kati ya Selous na hifadhi ya Niassa iliyoko Msumbiji kuna shoroba ambazo tembo huzipita, na upande wa mashariki shoroba hizo zinakatiza katika wilaya zetu. Pwani ya Mtwara kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na Lindi Vijijini kuna msitu wa Rondo, ambako anaishi komba mdogo anayeitwa kwa jina la msitu huo. Komba huyo ana uzito wa takribani gramu 60 tu, na yumo katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka duniani.

Kila eneo kati ya hayo lina mwajiri wake. Hifadhi za taifa zipo chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na mapori ya akiba yapo chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Utafiti wa wanyamapori unasimamiwa na TAWIRI, taasisi yenye makao makuu Arusha, lakini kazi zake zinafanyika nchi nzima. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu, pamoja na Rondo, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hifadhi ya bahari inasimamiwa na kitengo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, chini ya wizara yenye dhamana ya uvuvi, na hilo wengi hawalijui, wakaishia kupeleka barua wizara nyingine kabisa. Halmashauri za wilaya nazo zina maofisa wanyamapori wao, na vijiji vilivyounganisha ardhi yao kuwa jumuiya za hifadhi, kama ile ya Magingo huko Liwale, vina askari wa wanyamapori wa vijiji na mara chache huajiri wataalamu.

Nje ya serikali kuna mashirika ya uhifadhi. Shirika la kimataifa la WWF limefanya kazi miaka mingi kusini, na pale Kilwa Masoko lipo shirika la MCDI, ambalo kupitia kwake misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii. Zipo pia kampuni za uwindaji wa kitalii, ambazo msimu wao huanza Julai.

Mlango mmoja ambao vijana hawauoni kabisa ni tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na mikoa yetu ina gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ina madini ya kinywe (grafiti) Ruangwa, na ina barabara na bandari zinazopanuliwa. Kila tathmini ya namna hiyo huhitaji mtu wa kuorodhesha ndege, wanyama, mijusi na vyura wa eneo husika na kueleza nini kitawapata. Kazi hiyo hulipwa kwa siku au kwa ripoti, na ingawa haiji kila mwezi, imewalisha wahitimu kadhaa ninaowafahamu walipokuwa wakisubiri ajira za kudumu.

Kazi yenyewe, kwa karibu

Ofisa wanyamapori wa halmashauri hapa kwetu hutumia muda mwingi zaidi kwenye mashamba ya watu kuliko porini. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hiyo nilitumwa kijiji kimoja ambako tembo walikuwa wamepita usiku kwenye mahindi na mihogo. Mwenye shamba alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyesomea tembo?" Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza, "Basi niambie hawa waliokuja ni wangapi, na je, watarudi?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua kifaa cha GPS nikalizunguka eneo lililoharibiwa ili nipate ukubwa wake, maana maombi ya kifuta jasho, malipo ya mazao yaliyoharibiwa, hujazwa kwa ekari, na kifuta machozi ni kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Yule mzee alinifuata nyuma kimya, kisha akaniita penye tope. Nyayo zilikuwa wazi. Nikakumbuka kitu cha darasani: mzunguko wa unyayo wa mguu wa mbele wa tembo, ukiuzidisha mara mbili, unakaribiana na kimo chake begani. Tukakata kamba ya katani, tukaizungusha kwenye ukingo wa unyayo, kisha tukainyoosha na kuipima mara mbili mfululizo kwenye fimbo. Tulifanya hivyo kwa kila unyayo mzima tuliouona, na tulipomaliza tulikuwa na vimo vya aina nne, kimoja cha mtoto. Lilikuwa kundi la majike na ndama, ambalo tabia yake si sawa na ya dume linalotembea peke yake, na ripoti niliyoiandika siku ile ilikuwa ripoti yangu ya kwanza yenye maana. Nasimulia haya kwa sababu huo ndio ujuzi unaolipiwa mshahara: kutoa namba ya kuaminika mahali ambapo wengine wana hofu na uvumi tu.

Umuhimu wake unaonekana zaidi kwenye suala la simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, wengi wao wakiwa wa kusini, na Lindi ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Watafiti waligundua kuwa nguruwe pori alikuwa na sehemu kubwa katika mauaji hayo: mkulima hulala kwenye dungu shambani akilinda mazao yasiliwe na nguruwe, na simba humfuata nguruwe huyo huyo. Utafiti wa baadaye, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa mashambulizi huongezeka katika siku zinazofuata mbalamwezi pevu, wakati mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku zikabaki giza. Mtaalamu anayeyajua haya anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akawaambia watu ni siku zipi wasitembee jioni, na hilo huokoa maisha. Sijui kazi nyingine ya shahada ya sayansi ambayo mwanakijiji huihitaji kwa namna ya moja kwa moja kiasi hicho.

Kuusoma mshahara

Sasa tuje kwenye fedha. Watumishi wa umma wa kada za kawaida hulipwa kwa ngazi za mishahara ya serikali zinazoitwa TGS, ambapo mwenye cheti huanzia B, mwenye stashahada C, na mwenye shahada D. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, na ngazi za juu yake zipo juu ya kiwango hicho. Taasisi kama TANAPA na TAWA zina miundo yake ya mishahara, hivyo tangazo lake la kazi ndilo la kusomwa kwa makini, pamoja na waraka wa mishahara wa mwaka husika, kwa sababu viwango hubadilika na jedwali la zamani lililozagaa kwenye simu za watu litakupotosha.

Kosa kubwa zaidi ni kuhesabu mshahara kabla ya makato. Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 1,000,000, niliouchagua kwa kuwa ni rahisi kuhesabika. Mchango wako wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5, yaani 50,000, na mwajiri huongeza asilimia 15 zake. Kodi hukatwa kwenye 950,000 zilizobaki: kwa kipato kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 unalipa 68,000 na juu yake asilimia 25 ya kile kinachozidi, yaani 47,500, jumla 115,500. Bima ya afya ni asilimia 3, ambayo ni 30,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, bodi ya mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000, hadi deni liishe. Kinachofika mkononi ni shilingi 654,500. Fanya hesabu hiyo kwa mshahara wowote utakaoahidiwa, mbele ya mzazi wako, kwa kalamu na karatasi, kabla hujakopa hata shilingi moja kwa kuutegemea.

Upande wa pili wa hesabu ni posho. Kazi hii ina safari nyingi, na posho ya kujikimu ya siku za nje ya kituo inaweza kuongeza kipato kwa kiasi cha kuonekana, lakini usiijumlishe kwenye bajeti ya nyumbani, kwa sababu hutegemea fedha za mradi au za robo ya mwaka, na mvua ikifunga barabara ya Liwale hakuna safari wala posho. Kupanda daraja nako ni taratibu: kutoka Daraja la II kwenda la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu, kwa kawaida baada ya miaka mitatu au zaidi katika kila hatua, na ikiwa kuna nafasi na tathmini nzuri ya utendaji. Kwa watafiti, kinachopandisha ni machapisho.

Mashirika yasiyo ya kiserikali mara nyingi huandika mshahara mkubwa zaidi kwenye karatasi, ila mkataba hufuata uhai wa mradi. Niliwahi kusaini mkataba wa mwaka mmoja na mradi ambao sitautaja. Fedha za mfadhili zilichelewa, nikakaa kijijini miezi mitatu bila mshahara, nikila kwa ukarimu wa mwenyekiti wa kijiji na mkewe. Tangu hapo nawaambia vijana waulize kabla ya kusaini: fedha za mradi zimeshaingia au bado zinaombwa, je, mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unapelekwa kila mwezi, nani analipia bima na matibabu ukiumia porini, na pikipiki utakayoendesha ni ya mradi au ni yako. Mwajiri makini hakasirishwi na maswali hayo.

Njia ya shule

Hapa sitakaa sana. Kwa shahada, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) au PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ndio unaofungua milango, kisha kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Mweka kule Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kinachofundisha kuanzia cheti hadi shahada. Kwa aliyeishia kidato cha nne na anapenda kazi ya uaskari wa wanyamapori, kuna chuo cha Pasiansi, Mwanza. Na kwa vijana wa vijijini kuna chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, kinachofunza uhifadhi wa kijamii, tena si mbali na kwetu. Fahamu pia kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 kuna Jeshi la Uhifadhi, hivyo nafasi nyingi za TANAPA, TAWA na TFS zina mafunzo ya kijeshi, vyeo, sare na kikomo cha umri. Mtu anayependa maabara tu au anayechelewa kuomba hadi umri umpite atajikuta nje hata kama alifaulu vizuri.

Cha kufanya ukiwa bado hujaajiriwa

Wahitimu ni wengi kuliko nafasi, na vyeti vyao vinafanana. Kinachomtofautisha mmoja na mwenzake ni kumbukumbu za kazi aliyokwisha kuifanya, na hapa ndipo kijana wa Lindi na Mtwara ana mtaji ambao wenzake hawana, kwa kuwa ameishi mahali penye mambo mengi ambayo hayajaandikwa. Chukua daftari gumu na kila siku ya likizo andika tarehe, saa, mahali, mnyama, idadi, na alichokuwa akifanya. Kama uko karibu na Rondo au Litipo, au msitu wa Ziwani upande wa Mtwara, keti usiku na mwenyeji anayeujua msitu, mkiwa na ruhusa, urekodi sauti za komba kwa simu yako. Komba hutofautishwa kwa milio yao kuliko kwa sura, na rekodi yenye tarehe na mahali ni ushahidi wa kisayansi. Kama uko Msimbati au Mikindani, jifunze kasa, samaki na ndege wa pwani kutoka kwa wavuvi, na uandike majina yao ya Kimakonde na ya Kiswahili pamoja na yale ya kisayansi. Kama kijiji chako kinaliwa na nguruwe pori, pima uharibifu huo shamba kwa shamba kwa msimu mzima, na utakuwa na takwimu ambazo hata halmashauri yako huenda haina.

Takwimu hizo zijaze kwenye kompyuta. Jifunze programu za QGIS kwa ajili ya ramani na R kwa ajili ya hesabu. Zote mbili hazilipiwi, na anayezimudu huitwa kwenye timu hata akiwa mgeni. Jifunze kuendesha pikipiki na gari, upate leseni. Watafiti wa kigeni wanaokuja na vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI huhitaji wasaidizi wa uwandani wanaojua lugha na njia za wenyeji, na kijana mwenye daftari lililojaa huchukuliwa kabla ya mwenye cheti kitupu. Kutoka hapo hupatikana barua ya utambulisho, na wakati mwingine jina lako kwenye chapisho.

Tangazo linapotoka kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, wengi hukwama kwa mambo madogo. Hakikisha namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iko sawa na jina lililo kwenye vyeti ni lile lile kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha chuo. Kama herufi moja imepotea, lishughulikie kisheria mapema, kwa kuwa huwezi kulimaliza ndani ya siku chache za tangazo. Weka vyeti vyenyewe vilivyothibitishwa, maana karatasi ya matokeo ya muda hukataliwa. Kwenye usaili wa mahojiano, usikariri tafsiri ya neno ikolojia. Elezea ulichopima, ulivyokipima, na makosa yaliyoweza kuingia kwenye kipimo chako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 isome yote, kwa kuwa maswali yake hayakosi.

Na kuhusu muda: kazi ya uwandani huku huanza mvua zikikatika, kuanzia Juni, nyasi zinapokauka na barabara zinapopitika. Barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo ipeleke mwezi wa Machi, kwa mkono kama unaweza, na uambatanishe kurasa mbili za daftari lako zilizoandikwa kwa usafi. Ikifika Mei bila jibu, nenda tena ofisini ukaulizie kwa heshima. Mara nyingi barua ipo, ila imesahaulika chini ya nyingine.